Upande wa Pili Mpaka Mwisho

Shuleni, Malindi
Jumapili, 7 Julai 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Leo nimeketi na kalamu mara tu baada ya ibada, na kabla sijaandika lolote nimejiwekea ahadi kwamba nitakueleza yote, bila kuruka hata mahali panaponitia aibu. Nawe nakuomba uisome barua yote kabla ya kumwita Mama.

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya. Goti linaendeleaje? Nilipokuja mapumziko ya katikati ya muhula nilikuona ukishuka kutoka kwenye lori la chumvi huku umeushika mlango kwa mikono miwili, nikanyamaza kwa sababu hupendi kuulizwa mbele ya watu. Mama naye amepona kikohozi? Na yule mbuzi mwekundu amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Mimi ni mzima. Hesabu nimepata sitini na nane, Kiswahili themanini na nne. Chakula hakijabadilika, lakini habari za jikoni utazisikia mbele, kwa maana jambo lenyewe limepitia huko.

Ningekupigia simu, ila simu ya shule ni ya dakika mbili, na nyuma yako kuna foleni ya wasichana wanaosikiliza mpaka unavyopumua. Kwa hiyo barua hii nampa Kavumbi, yule wa bodaboda anayeleta samaki wa jikoni kutoka huko Gongoni kila Jumanne na Ijumaa. Ameapa hataifunga pamoja na samaki.

Mwaka huu tumepata mwalimu mpya wa muziki, Mwalimu Musembi, mtu wa Ukambani, mrefu, anayepiga meza kwa vidole hata wakati wa kuita majina. Alianzisha chama cha muziki cha Jumamosi, akatupa kazi moja ya muhula mzima. Kila msichana atafute albamu ya pop iliyomzidi umri, aipige nzima mbele ya wenzake, halafu asimame dakika tano aeleze kwa nini bado inasikika vizuri leo. Alikataza sababu mbili. Mtu asiseme ni nzuri kwa kuwa baba yake anaipenda, wala asiseme ni nzuri kwa kuwa ni ya zamani. Alisema uzee peke yake si sifa, maana hata viatu vyake ni vya zamani na wote tunasikia vinavyolia.

Pola, ninayelala naye kitanda cha juu na chini, alisema ataleta diski ya mama yake aliyochezea siku ya harusi. Lynn, ambaye baba yake ni mfanyakazi wa benki hapa mjini, alikuwa na albamu kumi na mbili kwenye flashi, na picha za majalada amezichapisha kwa rangi. Mimi sikuwa na kitu. Kisha nikaukumbuka mkebe.

Baba, hili ni kosa langu la kwanza. La pili liko mbele. Nilipokuja nyumbani mwezi uliopita niliufungua mkebe wa biskuti ulio chini ya kitanda chenu, ule wenye hati ya shamba na vyeti vyetu vya kuzaliwa, nikatoa kaseti iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Niliwahi kuiona mwaka jana uliponituma nichukue cheti changu cha kuzaliwa ili nisajiliwe mtihani. Sikukuomba kwa sababu nilijua ungekataa. Nilikwambia nachukua kitabu cha historia, na kitabu nilikichukua kweli, lakini kaseti ilikuwa katikati ya kurasa zake.

Karatasi ya kasha imepauka, lakini inasomeka. Kuna picha ya kivuko cha zamani cha Kilifi, siku ambazo daraja lilikuwa bado. Juu wameandika Mkorosho Bendi, na chini jina la albamu, Ningoje Ng'ambo, 1988. Mgongoni wameorodhesha nyimbo nane, halafu mstari mmoja unaosema kwamba zote zimetungwa na Kiponda wa Mnarani. Jina lako halikuwamo popote, nami nikadhani ni kaseti uliyoinunua ujanani ukaipenda.

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane Juni, siku moja kabla ya zamu yangu, Mwalimu aliniruhusu kuujaribu upande wa kwanza katika redio-kaseti yake ya umeme, kuona kama bado inazunguka. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu ulipoanza nilisimama. Ulikuwa ni ule mluzi wako, Baba. Ule unaoupiga jioni ukiosha chumvi miguuni pale uani, ambao tangu nizaliwe nilijua ni wako tu, kama kikohozi chako kilivyo chako. Sikuwahi kufikiri kwamba una maneno. Na aliyeyaimba alikuwa na sauti nyembamba kuliko yako ya sasa, lakini mwisho wa kila mstari aliivuta kidogo na kuiinua, vile unavyoniita nikiwa kisimani. Nilimwambia Mwalimu kwamba mwimbaji huyu namjua. Akaniuliza ni nani. Nikaitazama karatasi ya kasha, ikawa na jina la Kiponda tu.

Jumamosi tulikusanyika katika ukumbi wa kulia, redio ikawekwa kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, kwa kuwa hapo ndipo penye umeme. Nilipoitoa kaseti, Lynn aliuliza kwa adabu sana kama kitu hicho kinachajiwa au kinalishwa majani. Pola, rafiki yangu mwenyewe, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwalimu Musembi akamwambia Lynn kwamba kitu kilichoishi miaka thelathini na sita bila nywila kinastahili kuamkiwa. Basi Lynn akaiambia kaseti shikamoo, nasi tukaanza.

Sijui kama unakumbuka albamu yako ilivyo, kwa hiyo nitakusimulia kama mtu asiyeijua. Inaanza kwa kinanda peke yake, kama mtu anayebisha hodi. Ngoma zinaingia zimechelewa kidogo, na huko kuchelewa ndiko kunakofanya miguu isitulie. Kufikia wimbo wa pili wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanagonga sahani kwa vijiko. Wa tatu, huo wa kivuko, ulipofika pale honi ya kivuko inapolia kwa mbali na gitaa linaijibu kwa sauti ileile, Lynn aliacha kuandika. Upande wa pili una wimbo wa harusi, na hapo meza zilisukumwa. Wa mwisho ni wa polepole, watu wakarudi kukaa wenyewe bila kuambiwa.

Ulipoisha nilisimama kutoa maelezo yangu. Nilisema wanamuziki hawa hawakuogopa kunyamaza. Gitaa likisha kusema lake linakaa pembeni na kukipisha kinanda, tofauti na nyimbo nyingi za sasa ambazo kila chombo kinasema kwa wakati mmoja kama sisi tukingoja mandazi. Nilisema nyimbo nne za kila upande zimepangwa kama watu wa nyumba moja, ukimwondoa mmoja utajua ni nani hayupo. Nikasema tena kwamba mtu akitega sikio vizuri anasikia kiti kikilia, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza, na pumzi ya mtu haipitwi na wakati. Kisha nikawasomea karatasi, kwamba mtunzi wa nyimbo zote ni Kiponda wa Mnarani.

Sasa, Baba, nikukumbushe sheria zako. Tulipokuwa wadogo, tuna redio ya betri nne ulizoziita mawe, ulitufundisha mambo mawili kuhusu kaseti. Wimbo wa mwisho ukiisha, zima papo hapo, kwani mawe hayaokotwi njiani. Na kurudisha nyuma ni kwa kalamu, si kwa redio. Tulikaa mkekani tukiizungusha kaseti kwa kalamu ya wino mpaka vidole vikauma, nawe ukitusifu kwamba tumeongeza wiki nzima ya mawe. Mkono wangu bado una desturi hiyo. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nimesimama, nina woga, natazamwa na wasichana mia tatu, na redio ilikuwa ya umeme. Nilisahau kuzima. Utepe uliendelea kuzunguka nyuma yangu, kimya.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimelitaja jina la Kiponda, mara sauti ya mwanamume ikasema nyuma ya mgongo wangu. Wasichana wa mbele walishtuka. Sauti ilisema fundi wa mitambo amewaambia kwamba utepe umebaki dakika tatu, na ni dhambi kuuacha mtupu, basi yeye Kiponda atawataja waliofanya kazi. Akasema kwenye ngoma ni Ochola, ambaye amevunja fimbo mbili na hajaomba radhi. Kwenye kinanda ni yeye mwenyewe. Halafu akasema kwamba asidanganyike mtu akimwona Kiponda amesimama mbele na shati jekundu, kwa sababu nyimbo zote nane, maneno na muziki, zimetoka katika kichwa cha Ngowa, ambaye pia ndiye mwenye gitaa na sauti. Akasema Ngowa mwenyewe wakati huo amelala kwenye benchi, viatu miguuni, maana ameimba tangu asubuhi mpaka sauti imekauka. Wimbo wa kivuko, akasema, Ngowa aliutunga kwa ajili ya mama yake, Mama Kanze, anayeuza korosho upande wa Kilifi na asiyefunga kikapu chake jioni mpaka amwone mwanawe akivuka. Mtu mmoja alicheka kwa nyuma na kusema waamshe. Kiponda akajibu kwamba wamwache, atajisikia mwenyewe kaseti ikitoka, na siku hiyo atafurahi mara mbili.

Kisha utepe ukafika mwisho, na redio ikajizima.

Wote walikuwa wananitazama. Kila mtu humu anajua kwamba mimi ni Kanze Ngowa. Kusikia jina la Hawe, mama yako, ambaye nilirithi jina lake na sikuwahi kumwona, likitajwa na mtu aliyemjua enzi za uhai wake, kulinifanya nishindwe kumaliza dakika zangu tano. Lynn ndiye aliyeinuka akaja kunishika mkono. Hakufanya mzaha.

Ndipo tukasikia mlango wa jikoni. Bi Gladys, mpishi wetu mkuu, mama mmoja mpole anayetuita sote mwanangu, alitoka akiwa ameshika mwiko wa ugali. Aliniuliza kaseti hii nimeipata wapi. Nikamwambia ni ya Baba. Akasema sauti ile iliyozungumza ni ya baba yake, na kwamba nyumbani kwao hakuna hata kaseti moja iliyobaki, kwa kuwa mzee alizigawa zote. Alisimama hapo muda mrefu. Ugali wa watu mia tatu ukashika chini, tukaula hivyohivyo, na hakuna aliyelalamika.

Bi Gladys alinisimulia yaliyosalia tukichambua maharagwe. Nisamehe kwa kuyaandika, Baba. Nayaleta kama nilivyopewa, na najua kuna upande wako ambao sijausikia. Alisema Mzee Kiponda ndiye aliyepeleka kazi kwa wachapaji wa Mombasa, akaacha jina lake ili wamjue wa kumwita, nao wakaliweka mahali pa mtunzi. Yeye mwenyewe hakuiona karatasi mpaka siku ya harusi moja ya Takaungu. Siku hiyo alitangulia kuvuka na vyombo, nawe ukabaki Kilifi kuyapokea maboksi ya kaseti kutoka kwenye basi, kwa kuwa lilishusha mizigo stendi ya huko tu. Wafanyakazi wa kivuko walimwambia kwamba ulifungua boksi, ukatoa kaseti moja, ukasoma, ukawapa wao maboksi wayavushe, kisha ukageuka na kurudi ulikotoka. Yeye alikungoja upande wa Mnarani mpaka jioni, akidhani utakuja na safari inayofuata, na inayofuata. Harusi waliipiga bila mwimbaji.

Alisema mzee alikuandikia barua mbili. Mwaka uliofuata alikuja mpaka lango la mashamba ya chumvi, askari akaingia kuuliza, akatoka na jibu kwamba Ngowa hamjui mtu wa jina hilo. Tangu hapo hakujaribu tena. Na kilichomuuma zaidi, Bi Gladys alisema, si lango. Ni kwamba alikuwa na hakika umeisikiliza kaseti mpaka mwisho, ukamsikia akilitaja jina lako na la mama yako, na baada ya hayo yote bado ukamkana.

Nilimwambia hapana. Nilimweleza kuhusu mawe manne na sheria ya kuzima. Nikamwambia pia kitu nilichokiona siku nilipoitoa kaseti mkebeni na ambacho sikukielewa. Utepe ulikuwa umesimama upande wa pili, nyimbo zote zimekwisha, umebaki mwembamba kama unene wa shilingi mbili tatu zilizobebanishwa. Kwa hiyo umewahi kuusikiliza, Baba. Ulisikiliza nyimbo zako zote nane, na ulipofika pale ukafanya kama ulivyotufundisha. Ukazima.

Sasa nafika kwenye kosa la pili. Kesho yake, Jumapili, Bi Gladys aliniomba apate kuusikia tena wimbo wa kivuko. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na haraka. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, hii hii ninayoandikia. Lakini niliona kwamba umeme upo, ya nini nijichoshe, nikabonyeza kitufe cha kurudisha. Redio ikatoa sauti kama mtu anayetafuna muwa. Tulipoifungua, utepe ulikuwa umejisokota ndani ya magurudumu, mahali fulani umekunjamana na mahali pengine umekatika. Mwalimu Musembi alinisaidia mpaka kengele ya usiku, akakata palipoharibika kwa wembe na kuunganisha kwa selotepu, naye akaniambia wazi kwamba kipande kimoja hakirudi tena. Kina urefu kama wa kidole changu cha kati. Kimetoka katika wimbo wa kivuko, pale unapoinua sauti mara ya mwisho kabla ya honi. Sasa wimbo unafika hapo, unaruka, na honi inalia mapema.

Sikukitupa. Nimekifunga ndani ya kitambaa chako cheupe, na kimo katika bahasha hii. Usikitafute kwa macho tu, ni chembamba na chepesi, kinaweza kukuponyoka.

Nilikuwa na kaseti moja tu ya kuitunza, tena haikuwa yangu. Ukiniadhibu nitaona ni haki. Faraja niliyo nayo ni kwamba Mwalimu alirekodi Jumamosi yote kwa simu yake, kwa hiyo wimbo upo mzima mahali pengine, ingawa umechanganyika na vijiko vya kidato cha kwanza.

Alhamisi, siku yake ya mapumziko, Bi Gladys aliipeleka rekodi hiyo Mnarani. Anasema baba yake siku hizi haoni vizuri, lakini alilijua gitaa lako kabla ya wewe kuimba. Aliomba ipigwe mara tatu. Alipoambiwa kuhusu mawe ya redio alicheka, kisha akasema kwamba Ngowa alikuwa hivyo tangu ujana, hata kwenye mazoezi alikuwa akizima kipaza sauti mtu anapomeza mate. Akauliza kama bado unainua kidevu unapoimba. Nilimtumia jibu kwamba huimbi, unapiga mluzi tu, na ndiyo, kidevu kinainuka.

Siku ya wazazi ni Jumamosi ya tarehe ishirini. Mzee Kiponda amesema angependa kuja kama mgeni wa binti yake. Mwalimu anasema kinanda kipo, na gitaa lipo, ila lina nyuzi tano. Mzee amejibu kwamba tano zatosha, maana uzi wa sita ulikuwa ukiukata kila mara kabla ya wimbo wa pili. Lakini amesema pia kwamba hawezi kufika kwenye lango akarudishwa tena. Anataka kujua kwanza. Bi Gladys anakwenda kwao Ijumaa hii jioni, na Kavumbi huleta samaki Ijumaa asubuhi.

Msalimie Mama sana, mwambie sabuni bado ninayo na asinitumie nyingine. Wasalimie majirani wote, na yule mbuzi. Nimekwisha kuandika yote, kama nilivyoahidi. Nisamehe, Baba. Wasichana wengi wamejifunza mluzi wako, na asubuhi foleni ya bafuni imejaa wewe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Kanze Ngowa

Kavumbi ameambiwa asiondoke hapo uani mpaka umpe jibu, kwa hiyo naomba unijibu hili moja: nimwambie Bi Gladys kwamba Mzee Kiponda aje, au kwamba angoje hukohuko ng'ambo, safari hii wewe utavuka?